Shilingi hamsini kwenye kila pakiti

Dukani kwangu Pasua, hapa Moshi, kuna benchi moja tu, na lina mwenyewe. Saa kumi na moja jioni Mwalimu anafika. Amestaafu huu mwaka wa tisa. Ananunua pipi za tangawizi za mia mbili, anakaa, anafungua gazeti la jana kwa sababu la leo ameshalisoma bure kwa muuza magazeti kule stendi. Kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza tunakuwa tumeshagombana.

Alhamisi iliyopita ugomvi ulianza hivi. "Hebu niambie, Mama Glory. Hawa wapinzani wenu, miaka yote ile bungeni, waliwahi kumletea mtu mgonjwa hata kidonge kimoja? Mimi nawakumbuka wakitoka nje tu."

Hiyo "wenu" ilikuwa yangu mimi. Kosa langu ni kupigia kura Moshi Mjini, ambako kuanzia 2000 hadi 2020 tulipeleka Dodoma mbunge wa CHADEMA kila uchaguzi. Mzee Philemon Ndesamburo alikwenda vipindi vitatu, akafuata Jaffary Michael. Jirani hapo Hai alikuwepo Freeman Mbowe, Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani mwenyewe. Kwa hiyo mtu akitaka kumtukania mpinzani, huku kwetu hakosi pa kuanzia.

Kutoka nje sikukana. Mwaka 2016 walitoka sana, na kuna siku walitoka wamejibandika plasta mdomoni, wakimgomea Naibu Spika wa wakati ule, Dkt. Tulia Ackson. Lakini mwaka huohuo TBC ilikuwa imeacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja. Sisi tuliobaki huku tukapata picha za plasta gazetini, maana picha ya plasta inauza gazeti. Yale waliyoyasema siku walizobaki ndani, hatukuyasikia.

Nikamjibu Mwalimu neno moja: "Pedi."

Pipi ilimpalia.

Mzee wa watu amefundisha hisabati miaka thelathini na kitu, amekuwa na wasichana mbele yake asubuhi hadi jioni, na bado neno hilo linampalia. Wala si yeye peke yake. Bungeni wanasema "taulo za kike", kwa heshima zote. Dukani wanawake wanasema pedi. Wanaume wachache wanaotumwa na wake zao wanasema "zile", huku wanaangalia rafu ya sabuni. Mimi nimezoea. Mwanamume akisema "nipe zile" akiwa anatazama sabuni, najua sabuni hataki.

Wakati naanza duka sikujua kama kuna mbunge anaweza kusimama Dodoma kuzungumzia kitu ambacho mimi nakizungushia karatasi kabla ya kukikabidhi. Nililijua hilo kupitia simu. Binti yangu alinitumia kipande cha video, mbunge kijana, mwanamke, anaongea bila kumung'unya maneno. Alikuwa Upendo Peneza, mbunge wa viti maalumu wa CHADEMA kutoka Geita, aliyekuwa bungeni kati ya 2015 na 2020. Alikuwa mmoja wa waliolishikia bango jambo la hedhi ya wanafunzi. Hakuwa peke yake, niseme haki. Wapo wanawake wa chama tawala nao waliolisema. Ila ninayemkumbuka mimi ni yule, labda kwa sababu ndiye aliyenifikia kwanza.

Tangu hapo nikaingia mchezo wa kusoma Hansard. Asiyewahi kuisoma nimweleze: ni kumbukumbu rasmi za yote yaliyosemwa bungeni, zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge, na ni ndefu kuliko maombi ya mchungaji wetu. Kila sentensi inaanza na "Mheshimiwa Spika" au "Mheshimiwa Mwenyekiti". Watu wanamshukuru Mungu, wanamshukuru Spika, wanawashukuru wapiga kura, wengine hadi mwenzi wa ndoa. Kisha wanaingia kwenye barabara na zahanati. Wakipigiwa makofi, mwandishi anaandika "Makofi" kwenye mabano. Wakichekwa, "Kicheko". Na muda ukiisha inaandikwa kwamba kengele imelia, hata kama mtu alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye hoja. Mbunge wa upinzani, ambaye kambi yake ina watu wachache na dakika chache, na mara nyingine anagawana dakika tano tano na mwenzake, shukrani zake inabidi awe mchoyo nazo. Hilo nalipenda. Wauza duka tunajua thamani ya mtu anayeeleza shida yake haraka na foleni nyuma yake.

Sasa alichokuwa anakitaka Peneza hasa ni hiki: mwanafunzi wa kike apewe pedi bure shuleni. Hakuwa anaota. Jirani zetu hapo ng'ambo ya Holili walishalifanya. Kenya walifuta kodi ya pedi tangu 2004, na Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akasaini sheria ya kuwapa wanafunzi bure. Mimi niko Moshi, Taveta ni kama pua na mdomo. Mtu wa hapa hahitaji kuambiwa Kenya wanafanya nini, mzigo wenyewe unakuja kumweleza, mwingine kwa barabara kuu na mwingine kwa njia za panya.

Ili mjue kwa nini jambo hili lilinigusa niwarudishe nyuma kidogo, mwezi wa saba mwaka 2017.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Moshi ya mwezi wa saba, baridi inauma hadi mifupa ya vidole. Nafungua duka. Anakuja msichana wa sekondari, kidato cha pili au cha tatu hivi, sare ya shule, na sweta hakulivaa. Amelifunga kiunoni. Mwanamke akiona sweta limefungwa kiunoni asubuhi ya baridi kama ile, hahitaji kuuliza. Dukani alikuwepo kaka mmoja ananunua mkate. Yule binti akasimama pembeni, akawa anasoma maandishi ya kwenye ndoo ya rangi kana kwamba atatahiniwa. Kaka alipoondoka akasogea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba ile... moja."

Akafungua kiganja. Sarafu ya mia mbili na ya mia moja. Mia tatu.

Pakiti ya pedi nane nilikuwa nauza 2,000. Sikuwahi kufungua pakiti nikauza moja moja, ingawa sigara nilikuwa nauza hivyo, na biskuti, na hata vitunguu nusu. Nilifungua siku ile. Nikaizungushia karatasi ya kaki ya sukari, nikaiweka kwenye malboro, ule mfuko mweusi wa plastiki, akaiingiza kwenye begi akakimbia. Zilizobaki saba nikaziweka kwenye kopo la biskuti chini ya kaunta. Kufikia wiki ya pili kopo lilikuwa tupu. Inaelekea waliambiana shuleni. Na tazama hesabu yenyewe: 2,000 kwa nane ni 250 kila moja, mimi nikawauzia 300. Maskini siku zote hununua kwa bei ya juu, na aliyekuwa anamuuzia ni mimi.

Halafu ile moja haitoshi kitu. Msichana anahitaji pakiti mbili hivi kwa mwezi akijitunza vizuri, hiyo ni 4,000. Wakati ule ilikuwa kama kilo moja na nusu ya sukari. Nyumba yenye mabinti watatu na mama yao ni 16,000 kila mwezi. Baba anayefyatua tofali Njoro ataitoa wapi, na ataiomba nani, wakati hata kulitaja neno ni shida? Elimu bila ada ilishaanza Januari 2016, ada ikaondoka, lakini kuna siku kadhaa kila mwezi ambazo msichana anajua mwenyewe kwa nini hakwenda.

Kwa hiyo nilipomsikia mtu analisema lile mbele ya mawaziri, nikapandisha sauti ya simu hadi wateja wakageuka.

Tarehe 14 Juni 2018, Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, akasoma bajeti. Ndani yake kulikuwa na pendekezo la kusamehe kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ile ya asilimia 18, kwenye taulo za kike. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwalimu hapo akaniingilia. "Subiri kwanza. Wao waliomba bure, serikali ikatoa msamaha wa kodi. Umepewa ulichoomba wewe?"

Nikasema hapana. Akaniambia nisiondoke, kana kwamba naweza kuondoka dukani kwangu, akaenda kwake akarudi na Katiba. Ile ndogo, imefungwa kwa gundi ya karatasi mgongoni. Akafungua ibara ya 99, akanisomea kwa sauti ya darasani. Kwa ufupi wake: mbunge wa kawaida hawezi kupeleka muswada au hoja ya kuchota fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, Bunge likaishughulikia, mpaka Rais apendekeze na pendekezo liletwe na waziri. Kuongeza kodi vilevile. Lakini kupunguza kodi kumeachwa nje ya kizuizi hicho.

Ukiitazama ibara hiyo ukiwa na pedi akilini unaelewa mengi. Pedi za bure shuleni ni fedha kutoka Hazina. Mbunge wa upinzani anaweza kulia, kuuliza swali la msingi na mawili ya nyongeza, kushika shilingi ya mshahara wa waziri hadi usiku ili amjibu, lakini uamuzi wa kutoa fedha hauko mikononi mwake. Ufunguo anao waziri. Kodi kuondolewa ndilo jambo jepesi zaidi la kuombwa na jepesi zaidi la kukubaliwa. Sasa sisemi ndivyo walivyofikiri wao, sikuwa Dodoma. Nasema mlango uliokuwa wazi ulikuwa ule, na jambo likapitia pale, likatoka upande wa pili likiwa dogo kuliko lilivyoingia.

Na kuna kichekesho. Kambi ya upinzani enzi zile, ikifika kura ya bajeti, wanaitwa majina mmoja mmoja, na desturi yao ilikuwa kusema "hapana" kwa bajeti nzima. Yaani jambo walilolipigania likiwemo ndani ya kapu, na kapu lote wanalikataa. Mwalimu alilipenda sana hilo. "Unaona?" akasema. Nikamwambia hata mimi nikiletewa mzigo ambao nusu yake umeoza siwezi kuupokea kwa sababu juu kuna parachichi moja zuri. Akacheka, hakukubali.

Basi. Tarehe 1 Julai 2018 mwaka mpya wa fedha ukaanza, na wateja wangu wakaanza.

"Mama Glory, redioni wamesema kodi imefutwa. Mbona bado elfu mbili?"

Nikawaambia mzigo nilionao niliununua mwezi wa sita, kodi ikiwemo. Hilo ni kweli kabisa. Wakakubali. Mwezi wa nane wakauliza tena, mzigo wa mwezi wa sita ulikuwa umeshakwisha, na mimi nimenunua mpya soko la Mbuyuni kwa bei ileile. Mwalimu mmoja wa malezi wa shule ya jirani, dada mpole sana, aliniangalia siku hiyo kama mwizi. Hakusema kitu. Aliweka elfu mbili kaunta, akachukua, akaondoka.

Nikapanda bodaboda hadi Mbuyuni. Tajiri ninayenunua kwake alikuwa ghalani juu ya magunia ya mchele, anakunywa chai. Nikamuuliza, bei ya pedi vipi? Akasema kiwandani haijashuka. Nikamuuliza kodi je? Akasema, "Mama, wewe na mimi tunaagiza kontena?" Akaendelea na chai.

Ilinichukua muda kuelewa, na aliyenielewesha ni mpwa wangu mhasibu alipokuja Krismasi, maana Krismasi Moshi hata mhasibu anarudi. Akanichorea kwenye mfuko wa unga. Kuna kodi ya kiwango cha sifuri na kuna msamaha, na watu wanadhani ni kitu kimoja. Kwa kiwango cha sifuri, mwenye kiwanda anauza bila VAT na ile VAT aliyoilipa mwenyewe kwenye umeme, vifungashio, usafiri na malighafi anaidai serikalini anarudishiwa. Kwa msamaha anauza bila VAT, lakini ile aliyoilipa hairudi. Imekuwa gharama yake. Ataiweka wapi? Anaifukia kwenye bei. Pedi zilipewa msamaha. Kwa hiyo hata mwenye kiwanda mwadilifu kuliko wote asingeweza kushusha asilimia 18 nzima.

Kwa mzigo unaokuja umekamilika kutoka nje utetezi huo unapungua nguvu sana, maana bandarini VAT haikulipwa tena. Hapo fedha ilibaki mahali. Ilibaki kwa nani, kila aliyeko kwenye mnyororo anamnyooshea kidole aliye juu yake, kama tajiri wangu alivyofanya na chai yake.

Sasa nifike nilipokuwa napazunguka.

Mimi nina daftari. Kila mzigo ninaonunua naandika, tangu 2014. Pedi nilikuwa nanunua katoni ya pakiti 24 kwa 40,000. Ukigawanya ni 1,667 kila pakiti, nauza 2,000. Kama VAT nzima ingetoka kwenye ile katoni, ingeshuka kwa 6,100 hivi, iwe 33,900. Pakiti ingenifikia kwa 1,412, na hata nikibaki na faida yangu ileile ningeuza kwa 1,750. Msichana wa pakiti mbili angebakiwa na 500 kila mwezi. Wakati ule ilitosha nauli ya siku.

Haikushuka hivyo. Lakini haikubaki palepale pia, na hapa ndipo kila siku nilikuwa nasimulia hadithi hii nusu. Oktoba 2018 bei ya Mbuyuni ilishuka. Kwenye daftari imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: pedi kt 1, 38,800. Punguzo la 1,200. Gawanya kwa 24. Shilingi 50 kila pakiti.

Sikushusha.

Sababu nilikuwa nazo, na kila moja ukiisikia utaikubali. Nani ana chenji ya hamsini? Nikiuza 1,950 nitatafuta sarafu hizo wapi kila siku? Na mimi siko kwenye VAT, mauzo yangu hayakukaribia ile milioni 100 kwa mwaka iliyotakiwa wakati ule ili kusajiliwa, nalipa makadirio tu, kwa hiyo msamaha ule mimi haunihusu kisheria. Maneno yote hayo ni ya kweli. Na hamsini zikabaki kwenye droo yangu. Nilikuwa nauza katoni tatu kwa mwezi, pakiti 72. Mara 50 ni 3,600. Kuanzia Oktoba hadi Juni ni miezi tisa, 32,400.

Tarehe 13 Juni 2019 Dkt. Mpango akasimama tena. Akasema msamaha haukumfikia mlaji, bei hazikushuka kama ilivyokusudiwa, kwa hiyo VAT inarudi. Badala yake wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo za kike wapunguziwe kodi ya mapato ya kampuni, kutoka asilimia 30 hadi 25, kwa miaka miwili. Wapo waliopinga, ndani ya Bunge na nje.  Haikusaidia. Kura zikapigwa, msamaha ukafa ukiwa na umri wa mwaka mmoja.

Bajeti hiyohiyo iliweka ushuru kwenye nywele bandia, asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini na 25 kwa zinazotoka nje. Saluni zote za Moshi siku ile zilikuwa bunge. Kuhusu pedi nilisikia wanawake wachache wakilalamika. Kuhusu nywele niliusikia mji mzima, na mimi nikiwemo, nisijifanye.

Juni hiyo kila kitu kilikuja kwa pamoja. Tarehe mosi mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku, malboro nyeusi zikaondoka, na kwa wiki kadhaa wasichana wakawa hawajui waifiche wapi. Kitambaa cha mfuko mbadala kinaonyesha kilichomo. Nikarudi kwenye karatasi ya kaki, tabaka mbili. Julai katoni ikaja kwa 42,000. Mimi nikapandisha pakiti hadi 2,200 ndani ya wiki. Ona sasa: bei iliposhuka kwa hamsini sikuwa na chenji, ilipopanda nilipata chenji ya mia mbili wiki ileile.

Kwa hiyo nikisikia waziri alisema wafanyabiashara hawakushusha, siwezi kubisha. Nabisha kwenye dawa aliyoitoa. Mtu akikuta bomba linavuja njiani, anaziba linapovuja. Hafungi maji kwenye chanzo halafu akawaambia watu wa mwisho wa bomba kwamba hata hivyo yalikuwa hayawafikii. Wangeweza kugeuza msamaha kuwa kiwango cha sifuri. Wangeweza kuchapisha bei elekezi kwenye pakiti, kama EWURA wanavyotangaza bei ya mafuta kila mwezi, na mimi na tajiri wangu tungenyooka. Na ile hoja ya kwanza, ya kuwapa wanafunzi bure shuleni, ndiyo isiyopita dukani kwangu kabisa. Haina droo ya kudondokea. Huyo dada wa Geita hakunijua wala sijawahi kumwona ana kwa ana, lakini alichokiomba mwanzo kilikuwa kimekwepa watu kama mimi.

Nilimweleza Mwalimu yote haya jioni ile, daftari mkononi. Alilichukua, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari ya 2018, akarudia hesabu yangu kimoyomoyo midomo ikicheza. Alikuwa anatafuta kosa. Hakulipata.

"Hapa Oktoba," akasema, "mwandiko wako umebadilika. Umeandika kwa penseli."

Kweli. Kila mahali peni ya bluu, pale penseli. Sikumbuki kwa nini.

Akakaa kimya. Wateja wawili wakaja, mmoja wa mkaa, mmoja wa mafuta ya taa. Kopo la biskuti bado liko chini ya kaunta, siku hizi pedi moja nauza kwa ile hesabu ya pakiti gawanya kwa nane, bila nyongeza, na msichana akiwa hana naandika nyuma ya daftari kwa herufi moja tu ya jina lake. Wengi hulipa.

"Nakubali walisema," Mwalimu akasema hatimaye. "Kusema walisema."

Kwa mtu kama yeye hiyo ni nyingi. Nikampa pipi moja ya nyongeza.

"Lakini hiyo elfu thelathini na mbili," akaendelea, "na mia nne. Uliifanyia nini?"

Nikamwambia nilinunua nywele, Mwalimu. Mwezi wa sita mwishoni, kabla hazijapanda.